Sanduku la michango la nje: funguo tatu zina historia ndefu

Wiki hii kikundi kimoja kimeniuliza swali lisilohusu mbolea wala mbegu. Wanachangia ukarabati wa kisima, na wanataka sanduku la michango likae nje, njiani wanapopita watu wa gulio. La kwanza lilikuwa la mbao, na usiku mmoja likabebwa zima. Kufuli lilikuwa moja, ufunguo anao mweka hazina. Sasa watu wanamnong'ona yeye, na michango imekauka. Kikundi kinauliza: tutumie bati la unene gani?

Kwenye bati nitafika. Kwanza turudi nyuma, maana waliotutangulia walihangaika na jambo hilihili.

Biblia inasimulia habari za Yoashi, mfalme wa Yuda, aliyetaka hekalu likarabatiwe. Fedha zilipitia mikononi mwa makuhani, na hadi mwaka wa 23 wa utawala wake mabomoko yalikuwa hayajatengenezwa. Ndipo likawekwa kasha lenye tundu kwenye kifuniko. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 24, kinasema lilikaa nje, langoni. Likijaa, walikuja mwandishi wa mfalme na mtu wa kuhani mkuu, wakalimwaga pamoja, kisha wakalirudisha mahali pake. Watu wawili, kila mmoja na bosi wake.

Mwaka 1199 Papa Innocent III aliagiza kila kanisa liweke kasha la kuchangia vita vya msalaba, lifungwe kwa funguo tatu: mmoja kwa askofu, mmoja kwa padri wa pale, mmoja kwa muumini wa kawaida mcha Mungu. Mwaka 1547, chini ya mfalme Edward VI, makanisa ya Uingereza yaliamriwa kuwa na sanduku imara la maskini lenye tundu juu, nalo pia kwa funguo tatu. Mmoja alikaa nao mchungaji, miwili wasimamizi wa kanisa. Makasha mengine ya zamani huko yalichongwa kwenye gogo zima la mwaloni na kufungwa mikanda ya chuma. Mwizi angeondoka nalo vipi?

Kwa hiyo uzito na chuma vilikuwa vya kumzuia mtu wa nje. Kufuli tatu zilikuwa za watu wa ndani, na kwa maoni yangu ndizo zilizofanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu zilimlinda hata mshika ufunguo mwenyewe asisingiziwe. Mweka hazina wa kile kikundi angekuwa analala usingizi leo.

Wenye VICOBA na vikundi vya hisa mnalijua sanduku la kufuli tatu. Vikundi vya hisa vya namna hiyo vilianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE. Lakini sanduku lenu hukaa ndani ya nyumba ya mtu. Hili la kisima litakaa barabarani, kwa hiyo linahitaji zaidi.

Bati la milimita 3 linatosha, lichomelewe pande zote. Mguu uwe bomba la chuma, lizikwe kwenye zege kina cha sentimita 60, na chini yake vichomelewe vipande viwili vya nondo kimsalaba ili lisizungushwe na kung'olewa. Tundu liwe ubavuni, chini ya kidari kidogo cha bati, mvua isiingie. Tundu la juu kabisa linafaa ndani ya jengo tu.

Halafu kuna ulimbo. Mtoto yeyote aliyewahi kunasa ndege anajua kijiti chenye ulimbo kinaweza kufanya nini kwenye sarafu, na wezi wa masanduku ya makanisa Ulaya walikijua pia. Dawa yake ni kipande cha bati ndani, kinachoshuka mshazari kutoka chini ya tundu hadi karibu na ukuta wa nyuma. Noti inateleza, kijiti kinagonga bati. Bawaba za mlango ziwe ndani, na kila kufuli likae ndani ya kipande cha bomba ili mkasi wa chuma usilifikie.

Najua wengine mtasema watu wachangie kwa simu. Wachangie. Ila mama muuza mchicha ana sarafu ya mia mbili mkononi, na anapita sasa hivi.

Fedha zisilale humo. Jioni ya gulio washika funguo watatu wafungue, wahesabu mbele ya waliopo, waandike daftarini. Kikundi kimekubali, na ufunguo wa tatu wamempa muuza mchele wa pale njiapanda, ambaye hayumo kwenye kamati. Zege limemwagwa Jumanne. Nimewaambia wasifunge sanduku kabla ya siku saba.