Bongo za Kondoo, Panya wa Usiku

Historia ya homoni za ubongo huko Texas husimuliwa kama habari ya ushindi: watu waliisaka kemikali, wakaipata, wakatunukiwa Nobel. Simulizi hiyo huficha jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Kuijua peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino ambao seli moja huutoa ili kuiamrisha nyingine, si sawa na kujua inafanya kazi wapi. Katika miaka ya 1950 na 1960, Houston walilijibu swali la kwanza kwa njia iliyolifuta la pili. Miongo mitatu baadaye Dallas walianzia upande wa pili, kwenye kipokezi, yaani protini ya seli inayoupokea ujumbe, na hata wao mahali paliwapoteza kwanza kabla ya kuwaongoza.

Roger Guillemin, Mfaransa mzaliwa wa Dijon, alifika Chuo cha Tiba cha Baylor, Houston, mwaka 1953. Wakati huo Geoffrey Harris wa Uingereza alikuwa ameshajenga hoja kwamba haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, huiongoza tezi ya pituitari kwa kemikali zinazopita katika mishipa midogo ya damu iliyo kati yao. Kilichokosekana ni kemikali yenyewe. Andrew Schally alijiunga na Guillemin mwaka 1957, wakaanza kuisaka ile inayoifanya pituitari itoe homoni ya kuchochea tezi za adrenali. Miaka mitano ikapita bila mafanikio. Mwaka 1962 Schally alihamia New Orleans, na kuanzia hapo wakawa mahasimu: mmoja akikusanya bongo za kondoo kutoka machinjioni, mwenzake za nguruwe. Guillemin alihitaji haipothalamasi za kondoo wapatao 300,000 ili apate miligramu moja ya TRH, peptidi inayoiamrisha pituitari kuiamsha tezi ya shingo. Mwaka 1969 makundi yote mawili yaliutangaza muundo wake, na ajabu ni kwamba kazi yote ile ilizaa asidi amino tatu tu. Guillemin akaenda California mwaka uliofuata. Mwaka 1977 wawili hao waligawana Nobel na Rosalyn Yalow.

Ubongo uliosagwa hauna ramani tena. Ndani ya rojo lile seli zote zilikuwa majirani, na hakuna aliyeweza kusema ipi ilitoa ujumbe na ipi iliupokea. Atatokea wa kunipinga: mahali palijulikana tangu mwanzo, kwani hoja ya Harris ilikuwa ya mahali, na ndiyo sababu wakakata haipothalamasi badala ya kusaga kichwa kizima. Ni kweli, tena bila kusaga kusingekuwa na chochote cha kupima. Lakini hoja ya Harris ilikuwa na kituo kimoja cha mwisho, pituitari, na usagaji haukuweza kuikosoa. Katikati ya miaka ya 1970, kingamwili za kuitambua TRH zilipopatikana, ilionekana kwamba sehemu kubwa ya TRH katika ubongo wa panya iko nje ya haipothalamasi. Homoni iliyopewa jina kwa kazi yake kwenye tezi moja ilikuwa na shughuli nyingine nyingi. Ile kemikali ya adrenali iliyowashinda Houston, yenye asidi amino 41, ilitambuliwa mwaka 1981 na Wylie Vale, aliyekuwa mwanafunzi wa Guillemin hapo hapo Baylor.

Dallas kazi iligeuzwa. Masashi Yanagisawa, aliyetoka Japani mwaka 1991 kuja Kituo cha Tiba cha UT Southwestern, alichukua vipokezi ambavyo jeni zake zilijulikana lakini ujumbe wake haukujulikana. Yeye na Takeshi Sakurai walivipandikiza katika seli, kisha wakazimwagia dondoo za ubongo na kungoja seli zishtuke. Mwaka 1998 walitangaza peptidi mbili, wakaziita oreksini, jina lililotokana na neno la Kigiriki la hamu ya kula. Sababu zilikuwepo: seli zinazozitengeneza ziko pembeni mwa haipothalamasi, eneo lililojulikana kwa miongo kadhaa kama kituo cha njaa, na panya waliodungwa oreksini ubongoni walikula zaidi. Lakini kujua mnara uko wapi si kujua nani ameamshwa na adhana. Mwaka 1999 maabara hiyo iliwarekodi usiku, kwa kamera za infraredi, panya wasio na jeni ya oreksini. Wanyama hao walikuwa wakitembea mara wakaanguka ghafla, kisha wakainuka. Vipimo vya mawimbi ya ubongo vilionyesha kwamba hicho hakikuwa kifafa bali nakolepsi, ugonjwa wa usingizi unaovamia mchana na misuli inayolegea bila onyo.

Ramani ya vipokezi ndiyo iliyoeleza kwa nini. Mwaka 2001 kundi la Joel Elmquist, wakati huo Boston, likishirikiana na Yanagisawa, lilionyesha jinsi vipokezi viwili vya oreksini vilivyogawana ubongo wa panya. Cha kwanza kimejaa katika seli za shina la ubongo zinazotoa noradrenalini. Cha pili katika seli za nyuma ya haipothalamasi zinazotoa histamini, dutu ambayo kila aliyemeza dawa ya mzio akasinzia ameonja kukosekana kwake. Makundi hayo mawili ya seli ni vituo vya kukesha.

Hapa kuna pingamizi zito kuliko lile la kwanza: aliyegundua si ramani, ni kamera. Nakubali, na naongeza kwamba si Dallas pekee. Wenzao wa California walizitangaza peptidi hizo hizo mapema mwaka 1998 kwa jina la hipokretini, na Emmanuel Mignot wa Stanford alionyesha mwaka 1999 kwamba mbwa wenye nakolepsi ya kurithi wana kasoro katika kipokezi cha pili. Wala ramani haisemi yote, maana peptidi huweza kusambaa mbali na ncha iliyoitoa, na kipokezi kikakutwa mahali ambapo ujumbe haufiki kwa wingi. Hata hivyo kamera ilionyesha tu kwamba panya huanguka. Bila kujua nani hupokea, kuanguka huko kungebaki kioja cha maabara. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2014, suvorexant, dawa ya wasiopata usingizi, haikuigusa oreksini yenyewe. Inavizuia vipokezi vyote viwili.