Chura wa Kihansi: Amana Iliyorudishwa

Jioni za masika chura huingia uani akajibanza chini ya mtungi. Mara watoto humzunguka, huyu ana jiwe, yule ana konzi ya chumvi, nasi wakubwa hutazama tukacheka. Kabla hatujacheka tena, hebu sikiliza kisa cha chura mmoja wa Tanzania.

Katika milima ya Udzungwa, mto Kihansi huporomoka kwa kishindo, na manyunyu yake yalikuwa yakilowesha majani ya bondeni usiku na mchana. Hapo, mahali padogo mno, mwaka 1996 wataalamu walimkuta chura wa manjano asiyefikia sentimita 3. Hatagi mayai, bali huzaa vitoto vilivyokwisha timia umbo. Hakupata kuonekana pengine popote duniani.

Mwaka 2000 maji mengi ya mto yaligeuzwa yaende kwenye mitambo ya umeme. Umeme ni neema, hatuukatai. Lakini manyunyu yalikatika. Mwishoni mwa mwaka ule vyura 499 walichukuliwa hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York.

Je, kuokolewa kulitosha? Hasha! Wengi walifia mikononi mwa walezi wao. Ikabidi walezi wajifunze. Chura hali kila apewacho. Hutaka kilicho hai, kinachotembea, tena kiingiacho kinywani mwake. Basi wakamfugia nzi wadogo wa matunda na nyenje wachanga, wakawapaka unga wa vitamini. Maji yakachujwa, kwa kuwa chura hunywa kwa ngozi yake. Na manyunyu ambayo Mwenyezi Mungu aliyatoa bure, watu wakagharimika kuyafanya kwa mashine.

Kule bondeni nako yaliwekwa mabomba ya kunyunyiza, lakini mwaka 2003 vyura wakapukutika ghafla, na ukuvu unaoua ngozi ya chura ukakutwa. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini hawapo tena. Waliosalia ni wale waliolelewa tu, nao walikuwa wamezaana wakawa maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa Kihansi kwao.

Ndugu msomaji, Mtume wetu (S.A.W.) alitusimulia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia asimlishe, wala asimwache akajitafutie. Na alipoulizwa na tabibu juu ya kumtia chura katika dawa, alikataza kumwua. Basi atakayemshika kiumbe ana haki mbili shingoni: kumlisha kile alacho, na kumwachia wakati ukifika.

Kwa hiyo chura mzima usimtie koponi ukadhani umemhurumia. Mwache aende zake. Mbu na mende wa nyumba yako ndio riziki yake. Ukimkuta ameumia, mshike kwa mikono iliyolowa maji safi, isiyo na sabuni wala chumvi. Mweke penye kivuli na unyevu, umpe mdudu aliye hai, si wali wala mkate. Kisha nawa mikono vizuri. Akipata nguvu mrudishe pale pale ulipomtoa.

Na wewe mzazi, mwite mwanao mwenye konzi ya chumvi, umsimulie kisa hiki. Mwenyezi Mungu atujaalie huruma katika nyumba zetu. Amin.