Sadaka ya Mafuta: Columbus, Buffalo, Louisville

Ugomvi wa kanisa na mafuta nchini Marekani ulianza kabla ya mjadala wa tabianchi. Mwaka 1905 bodi ya wamishonari ya Wakongregesheni ilipokea dola 100,000 kutoka kwa John D. Rockefeller, tajiri wa Standard Oil. Mchungaji Washington Gladden wa Columbus, Ohio, aliyekuwa msimamizi wa baraza la kitaifa la dhehebu hilo, alizipinga hadharani. Kanisa likipokea fedha zilizopatikana kwa kuwakaba washindani, alishikilia, limekwisha kuibariki njia iliyozileta. Baadaye ikabainika kwamba fedha hizo hazikuja zenyewe: wakubwa wa bodi ndio waliokwenda kuziomba. Hazikurudishwa. Msomaji wa Nairobi atakumbuka Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo alipoagiza mchango wa Rais William Ruto kwa parokia ya Soweto urudishwe.

Hoja ya Gladden ilihusu dhuluma ya kibiashara, si hewa. Suala la madhara yanayorithiwa lilikuja kujitokeza jirani na Buffalo, mjini Niagara Falls. Kampuni ya Hooker ilifukia takriban tani 21,000 za taka za kemikali katika mfereji wa Love Canal, kisha mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya shule eneo hilo kwa dola moja. Hati ya mauzo iliiondolea kampuni dhima ya madhara yoyote ya baadaye. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata. Kufikia 1978 maji yenye sumu yalikuwa yakipenya kuta za vyumba vya chini ya ardhi. Machi 1979 makanisa ya madhehebu mbalimbali yaliunda kikosi kazi cha pamoja, ambacho Sista Margeen Hoffmann, mtawa wa Kifransisko, alikuja kukiongoza. Kilisaidia waliohama, kikadai haki yao serikalini. Dola ile moja inaeleza maadili ya tabianchi kuliko nyaraka nyingi za sinodi: faida huliwa leo, deni huachiwa mtoto asiyekuwepo kutia saini.

Louisville, Kentucky, ni makao makuu ya Kanisa la Presbiteri la Marekani. Mkutano Mkuu wake wa 1990 ulitangaza kuwa kutunza uumbaji ni sehemu ya imani, lakini hisa za kanisa katika kampuni za mafuta zilibaki. Waliotaka ziuzwe waliitwa wenye haraka; wengi waliona heri kubaki na hisa na kuzishawishi kampuni kutoka ndani. Juni 2018 kundi la waumini lilitembea kwa miguu kutoka Louisville hadi St. Louis, ulikofanyika Mkutano Mkuu, zaidi ya kilomita 320, kwenda kudai ziuzwe. Mkutano ukakataa tena.

Mwaka 2022, ukikutana Louisville kwenyewe, ulikubali kujitoa katika kampuni tano: Chevron, ExxonMobil, Marathon Petroleum, Phillips 66 na Valero. Mbili za kwanza ni warithi wa Standard Oil, iliyovunjwa na Mahakama ya Juu mwaka 1911. Chimbuko la Marathon, Ohio Oil, nalo lilikuwa mali ya kampuni ya Rockefeller tangu 1889. Gladden alipopaza sauti Columbus, lilikuwa bado mikononi mwa Rockefeller.