Warithi wa Jimi Hendrix: Kuiga, Kufuata na Kurithi katika Upigaji wa Gitaa la Umeme

Jimi Hendrix alifariki mjini London tarehe 18 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 27. Hakuanzisha shule, hakuandika kitabu cha mafundisho, na muda ambao jina lake lilijulikana hadharani haukufikia hata miaka mitano. Hata hivyo, ni vigumu kumtaja mpiga gitaa wa roki wa miaka ya 1970 na 1980 ambaye hakuulizwa, siku moja au nyingine, amechukua nini kwake. Katika makala haya hatukusudii kuwahesabu wote. Tutawatazama wanne: Robin Trower wa Uingereza, Stevie Ray Vaughan wa Texas, Ernie Isley aliyekulia New Jersey, na Eddie Hazel wa kundi la Funkadelic.

Lugha yetu inatupa maneno matatu ambayo waandishi wa historia ya roki huyachanganya katika neno moja la "athari". Kuiga ni kuchukua sura ya kitu. Kufuata ni kushika njia ya mtu, bila lazima ya kufika alikofika yeye. Kurithi ni jambo jingine kabisa: mrithi hukabidhiwa mali, akaitumia kwa haja zake mwenyewe, pengine haja ambazo marehemu asingezitambua. Tukiyatenga maneno haya, tutaona kwamba orodha ya warithi wa Hendrix iliyozoeleka haikupangwa na masikio peke yake. Ilipangwa pia na rafu za maduka ya santuri.

Kwanza, mali yenyewe ilikuwa nini? Hendrix alizaliwa Seattle mwaka 1942. Alitumia mkono wa kushoto, naye alichukua gitaa la mkono wa kulia, aina ya Stratocaster, akaligeuza juu chini na kulifunga nyuzi upya. Kidole gumba cha mkono ulioshika shingo ya gitaa kilipita juu na kukandamiza nyuzi nzito, hivyo vidole vingine vikabaki huru kupamba. Kwa njia hiyo mtu mmoja aliweza kupiga besi, kusindikiza na kujibu sauti yake mwenyewe kwa wakati mmoja. Ustadi huu hakuuokota angani. Aliupata katika miaka ya utumwa wa jukwaani, aliposindikiza waimbaji weusi wa Marekani, wakiwemo Little Richard na ndugu wa Isley, kabla ya Chas Chandler kumpeleka London mnamo Septemba 1966.

Sehemu ya pili ya mali ilikuwa kelele. Gitaa la umeme likisogezwa karibu na kikuza sauti kilichofunguliwa sana, sauti itokayo huurudia uzi na kuutikisa upya, mpaka mlio unajiendesha wenyewe. Wapigaji wengi waliukimbia mlio huo. Hendrix aliufuga. Asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, huko Woodstock, aliupiga wimbo wa taifa la Marekani peke yake, na ndani yake wasikilizaji wakasikia mabomu na ving'ora, bila yeye kutamka neno. Sehemu ya tatu ilikuwa studio, ambamo yeye na fundi wa sauti Eddie Kramer waliizungusha sauti kutoka upande mmoja hadi mwingine kama kitu chenye mwili. Albamu tatu za studio, mbili za 1967 na moja ya 1968, ndizo hazina ambayo wengine wote waliifungua baadaye.

Robin Trower alikuwa mpiga gitaa wa Procol Harum kuanzia mwaka 1967. Tarehe 4 Septemba 1970 kundi lake lilipiga Berlin katika onyesho moja na Hendrix, ambaye alibakiwa na siku 14 za kuishi. Mwaka uliofuata Trower alitoa wimbo wa kumkumbuka, "Song for a Dreamer", kisha akaliacha kundi lile. Akaacha pia gitaa la Gibson, akashika Stratocaster, akaunda kundi la watu watatu kama lile la marehemu. Albamu yake "Bridge of Sighs" ya mwaka 1974 ilipanda hadi nafasi ya 7 Marekani. Wahakiki walimwita mwigaji, na kwa nje hawakukosea: gitaa ni lile lile, na kikanyagio kinachoifanya sauti iyumbe kama maji, Uni-Vibe, ni kile kile alichokitumia Hendrix mwishoni mwa maisha yake.

Lakini sikiliza mwendo. Hendrix alikuwa na haraka, mizaha na mageuzi ya ghafla. Trower ni mzito, huiacha noti moja ianguke polepole hadi chini. Tena, Trower hakuimba. Sauti ilikuwa ya James Dewar, Mskoti mwenye koo la muziki wa soul. Kwa Hendrix, gitaa lilimjibu mwenye gitaa, mtu akisema na nafsi yake. Kwa Trower linamjibu mtu mwingine. Tofauti hii si ndogo, na kwa maoni yetu inatosha kumtoa katika kundi la waigaji na kumweka miongoni mwa wafuasi. Waigaji walikuwepo, na hata walitungiwa hekaya. Kuhusu Frank Marino wa Montreal magazeti yalieneza kisa kwamba roho ya Hendrix ilimwingia hospitalini. Maskini yule alitumia miaka mingi kukikanusha.

Stevie Ray Vaughan, aliyezaliwa Dallas mwaka 1954, alifanya jambo ambalo Trower hakuthubutu: alizichukua nyimbo zenyewe. Mwaka 1984 alirekodi "Voodoo Child (Slight Return)" karibu noti kwa noti. Alilegeza nyuzi kwa nusu toni kama alivyozoea Hendrix. Ingawa alitumia mkono wa kulia, gitaa lake alilolipenda kuliko yote lilifungwa chuma cha kutikisia nyuzi cha watu wa mkono wa kushoto, kikakaa upande wa juu, mahali kilipokaa katika gitaa lililogeuzwa la Hendrix. Je, kuna kuiga zaidi ya huku?

Jibu linapatikana katika uzito wa mkono. Vaughan alifunga nyuzi nene mno, ambazo wengi wasingeweza kuzivuta, na kila noti yake ni safi, imekatwa kwa kisu. Kelele iliyofugwa, ambayo kwa Hendrix ni nusu ya usemi, kwake ni pambo la mwisho wa onyesho. Sababu ni kwamba alikuwa na mzazi wa pili, Albert King, bingwa wa bluzi ambaye naye alipiga kwa mkono wa kushoto gitaa lililogeuzwa. Vaughan alimchukua Hendrix akamrudisha nyumbani kwenye bluzi. Huko Montreux, mwaka 1982, sehemu ya wasikilizaji walimzomea. Lakini David Bowie alikuwepo, akamwalika apige katika albamu yake "Let's Dance" ya 1983, na mwaka huo huo ikatoka "Texas Flood". Alikufa katika ajali ya helikopta huko Wisconsin tarehe 27 Agosti 1990, na tangu hapo hakuna orodha ya warithi isiyomtaja.

Sasa tuingie katika nyumba ambayo orodha hizo huipita bila kubisha hodi. Mwaka 1964 ndugu wa Isley walimwajiri Hendrix, naye akakaa kwao Englewood, New Jersey. Mdogo wao Ernie, aliyezaliwa 1952, alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Alimsikia mgeni yule akifanya mazoezi sebuleni, hana hadhira, hana moto wala moshi. Kati ya wanne wetu, ni yeye peke yake aliyeijua mali kabla haijaitwa mali. Na hakukimbilia gitaa: alianza na ngoma, na katika "It's Your Thing" ya 1969 alipiga besi.

Mwaka 1973 ndugu hao waliurekodi upya wimbo wao wa 1964 na kuuita "That Lady". Gitaa la Ernie linaimba toka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya kukwaruza inayozungushwa na vyombo vya umeme, na wimbo ulifika nafasi ya 6 katika orodha kuu ya Marekani. Ndani yake mdundo haulegei hata kidogo, watu wanacheza. Ernie aliichukua sauti ya mtu aliyeliacha kundi la kaka zake kwa kuwa lilimbana, akairudisha kulitumikia kundi lile lile. Hendrix asingefanya hivyo. Ndiyo maana tunaita huko kurithi.

Eddie Hazel alikulia Plainfield, New Jersey. Mwaka mmoja ulikuwa haujatimia tangu kifo cha Hendrix ilipotoka "Maggot Brain" ya Funkadelic, mwaka 1971. George Clinton, kiongozi wa kundi, alisimulia mara nyingi kwamba alimwambia Hazel apige kana kwamba ameambiwa mama yake amefariki. Hazel alipiga dakika kumi hivi. Katika kuchanganya sauti, Clinton aliwazima karibu wapigaji wengine wote, gitaa likabaki peke yake na mwangwi wake. Wimbo huu haufanani na wimbo wowote wa Hendrix, lakini mbinu zote ni zake: kelele iliyofugwa, kilio, studio iliyofanywa chombo cha muziki.

Kwa nini basi Isley na Hazel hutajwa mwisho, au hawatajwi? Mnamo Agosti 1969 jarida la Billboard lilibadili jina la orodha yake ya muziki wa watu weusi likaiita "Soul". Mwaka 1982 likaiita wazi wazi "Black". Santuri iliyowekwa katika rafu hiyo haikupelekwa kwa redio za roki, na mhakiki wa roki hakuiandikia. Atasema msomaji kwamba Isley na Hazel si watu wa roki. Tunamuuliza: katika "Maggot Brain", roki imekosekana wapi? Kama kingelipigwa na kijana wa London, kingeliitwa kwa jina gani? Haya hatuyasemi kuwashutumu Trower na Vaughan. Wao hawakuzijenga rafu, na Vaughan hasa hakuwaficha walimu wake. Mwaka 1983 alikaa na Albert King mbele ya kamera za televisheni ya Kanada, kama mwanafunzi.

Hendrix mwenyewe alizikuta rafu hizo akiwa hai. Wiki tatu hivi baada ya Woodstock, tarehe 5 Septemba 1969, alipiga bure mtaani Harlem, na baadhi ya watu walimrushia mayai, kwani kwao alikuwa mwanamuziki wa Wazungu. Usiku wa kuamkia 1970 alipanda jukwaani New York na Billy Cox na Buddy Miles, watu watatu weusi, akapiga "Machine Gun". Kutoka hapo hadi kwa Hazel ni hatua moja.

Hazel alifariki tarehe 23 Desemba 1992, akiwa na umri wa miaka 42. Kwenye mazishi yake ilipigwa "Maggot Brain".