Tofali Husubiri, Zege Halisubiri: Sura ya Ujenzi wa Makanisa ya Mbinga na Pwani ya Nyasa

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891. Wabenedikto wa Kikatoliki walianza kazi Peramiho mwaka 1898, nao Waanglikana wakaweka kituo Liuli, kando ya ziwa. Walitofautiana katika mapokeo, bali katika ujenzi walifuata njia moja: nyumba ya ibada ilianza kwa miti, udongo na nyasi, kisha ikafuata ile ya matofali ya kuchoma.

Tofali ni mvumilivu. Ukuta waweza kusimamishwa kwenye kozi yoyote, ukafunikwa kwa nyasi, ukangoja mwaka mzima, na fundi akirudi hufuta vumbi na kuendelea. Desturi hiyo ilipatana na mapato ya washarika, kwa maana sadaka ya ujenzi huko Umatengo ilifuata mavuno ya kahawa, na kule pwani ilifuata uvuvi wa usipa. Palipopatikana kidogo, palijengwa kidogo.

Saruji ilikuja na sheria nyingine. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966, lakini toka huko hadi Songea ni safari ya zaidi ya kilomita 900, na kutoka Songea hadi Mbinga na Mbamba Bay barabara ilikuwa ya udongo wakati wa mvua na ya vumbi wakati wa kiangazi. Lami ya kwenda Mbinga ilikamilika katika miaka ya 2010 tu, na ile ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ikafuata baadaye. Kwa hiyo kwa muda mrefu saruji ilifika mifuko michache kwa wakati. Ilipofika mitano, ilimwagwa ya mitano; mingine ilingojwa. Washarika walilitendea zege kama walivyozoea kulitendea tofali, na hapo ndipo kosa lilipoingia.

Zege haliwi gumu kwa kukauka, kama wengi wanavyodhani, bali kwa saruji kuungana na maji. Kazi hiyo huanza mara vikutanapo. Viwango vya saruji ya kawaida huitaka isianze kukaza kabla ya dakika 45 hadi 75, kulingana na daraja lake. Lakini joto huharakisha mambo. Pwani ya Nyasa iko takriban mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na jua lake ni kali. Milima ya Umatengo hupanda kupita mita 1,500, na hewa yake ni ya baridi. Hivyo fundi aliyepata nafasi ya kutosha Mbinga atakuta muda umefupika Mbamba Bay.

Zege jipya likimwagwa juu ya lile ambalo bado ni laini, na yote mawili yakashindiliwa kwa pamoja, huwa kitu kimoja. Likimwagwa juu ya lile lililokwisha kukaza, hushikana nalo kwa nje tu. Wahandisi huuita mshono baridi, si kwa sababu ya hali ya hewa, bali kwa kuwa upande mmoja umekwisha kufa. Mshono huo hubeba mzigo wa kugandamizwa pasipo hasara kubwa, lakini ni dhaifu pale zege linapovutwa au kupindwa. Aidha hupitisha maji, na maji yakifika kwenye nondo huleta kutu. Kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Jengo halianguki siku ile. Hudhoofika polepole, mbele ya kizazi ambacho hakikulijenga.

Mahali pa hatari zaidi katika kanisa ni lenta, ule mshipi unaozifunga kuta zote chini ya paa. Ndio unaozuia kuta zisisukumwe nje na mapaa, na katika nchi hii ya Bonde la Ufa ndio unaozishika ardhi inapotikisika. Mshipi uliokatika mahali sita si mshipi tena.

Hata hivyo, hesabu yenyewe haitishi. Kanisa la mita 20 kwa 10 lina lenta ya mita 60. Ikiwa na upana wa sentimita 23 na kimo cha sentimita 20, zege lake halifiki mita za ujazo 3, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 linahitaji mifuko kama 18. Mifuko hiyo yaweza kukusanywa kwanza, ikapangwa juu ya mbao ndani ya nyumba kavu, na kazi ikaitishwa kabla ya mvua za Novemba. Haifai kuiweka miezi mingi, kwa kuwa unyevu huipunguzia nguvu. Siku hiyo wanaume kwa wanawake wakishika koleo na ndoo tangu alfajiri, lenta hufungwa kabla ya jua kuchwa.

Ikilazimu kusimama, na kusimamwe kwa kukusudia: mshono uwe wima, katikati ya nafasi iliyo kati ya nguzo mbili, kamwe si juu ya nguzo. Kabla ya kuendelea, uji mwepesi uliogandia juu ukwanguliwe hadi kokoto zionekane, uso uoshwe na kulowanishwa, ndipo zege jipya lishindiliwe. Zege lililoanza kukaza lisifufuliwe kwa kuongezwa maji.

Kanuni hii haiwahusu wadogo peke yao. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022, lilijengwa kwa zege lililoshindiliwa tabaka juu ya tabaka, na katika ujenzi wa namna hiyo saa zinazopita baina ya tabaka na tabaka huhesabiwa.

Mjenzi wa mnara katika mfano wa Bwana aliaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Waliotutangulia walihesabu shilingi kwa uaminifu. Watakaojenga katika miaka mia ijayo hawana budi kuhesabu na saa pia.