Rekodi ya hipnosi binafsi kwa ajili ya usingizi

Rekodi ya hipnosi binafsi kwa ajili ya usingizi ni sauti iliyorekodiwa ili kumsaidia msikilizaji kutulia na kulala. Kwa kawaida huwa na maneno yanayosemwa taratibu, yakielekeza mawazo kwenye pumzi, kulegea kwa misuli na picha tulivu za akilini. Huitwa ya "binafsi" kwa sababu msikilizaji hujiongoza mwenyewe bila mtaalamu kuwepo chumbani. Mara nyingi yeye ndiye aliyeandika maneno hayo na kuyasoma kwa sauti yake.

Rekodi ya namna hii si dawa ya usingizi, wala haimlazimishi mtu kulala. Kazi yake ni kuyapa mawazo mahali pa kutua, ili mtu aache kuhangaika na usingizi usiokuja. Watu hawanufaiki nayo kwa kiwango kimoja, na haichukui nafasi ya matibabu kwa mwenye tatizo la muda mrefu.

Jina na maana

Neno hipnosi limetokana na neno la Kigiriki hypnos, yaani "usingizi". Katika mitholojia ya Kigiriki, Hypnos alikuwa mungu wa usingizi. Hata hivyo hipnosi yenyewe si usingizi. Ni hali ya kuwa macho ambayo mtu hukaza mawazo yake kwenye jambo moja, hupunguza kujali yanayomzunguka, na huwa mwepesi zaidi kufuata mapendekezo. Mapendekezo ni maneno yanayotaja hali fulani kana kwamba inatokea sasa, kwa mfano "kope zinazidi kuwa nzito".

Hipnosi haina uhusiano na uchawi, wala si kiinimacho. Msikilizaji habaki bila hiari: anaweza kufungua macho, kuinuka au kuzima rekodi wakati wowote.

Historia

Katika karne ya 18 daktari Franz Mesmer (1734–1815) alidai kwamba mwili unaponywa kwa nguvu ya sumaku inayopita kati ya watu. Mwaka 1784 tume iliyoundwa na mfalme wa Ufaransa, ambayo wajumbe wake walikuwa pamoja na Benjamin Franklin na Antoine Lavoisier, haikuona ushahidi wowote wa nguvu hiyo. Ilieleza kwamba mabadiliko waliyoyapata wagonjwa yalitokana na mawazo yao wenyewe.

Mnamo Novemba 1841 James Braid, daktari mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, alitazama maonyesho ya Charles Lafontaine, mfuasi wa mbinu za Mesmer. Baada ya kufanya majaribio yake mwenyewe aliona kwamba sababu ni kukaza macho na mawazo mahali pamoja, si sumaku. Kitabu chake cha mwaka 1843 kilieneza jina la hipnosi. Baadaye Braid aliona jina hilo linapotosha, kwa kuwa wengi wa watu aliowahudumia hawakuwa wamelala, lakini lilikuwa limekwisha kuzoeleka. Pia aliijaribu mbinu hiyo juu ya nafsi yake ili kupunguza maumivu ya baridi yabisi.

Mfamasia Mfaransa Émile Coué (1857–1926) aliwafundisha watu kurudia sentensi fupi yenye matumaini asubuhi na usiku, wakiwa kitandani. Katika miaka iliyofuata zilipatikana mbinu mbili ambazo hadi leo ni msingi wa rekodi nyingi za usingizi. Mwaka 1929 daktari Mmarekani Edmund Jacobson alichapisha kitabu kuhusu kulegeza misuli fungu kwa fungu. Mwaka 1932 daktari Mjerumani Johannes Heinrich Schultz alichapisha mazoezi ya kujituliza kwa kuhisi uzito na joto katika mikono na miguu.

Upande wa vyombo, Thomas Edison alibuni fonografu mwaka 1877, na kampuni ya Philips ilitoa kaseti ndogo mwaka 1963. Kaseti iliwezesha mtu wa kawaida kurekodi sauti yake nyumbani na kuisikiliza kitandani. Leo kazi hiyo hufanywa kwa simu ya mkononi.

Zamani walikuwepo pia waliotumaini kwamba mtu anaweza kufundishwa kwa sauti huku amelala fofofo. Mwaka 1956 watafiti Wamarekani Charles Simon na William Emmons walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya huku wakipima mawimbi ya umeme ya ubongo. Walikuta kwamba maneno yaliyosemwa wakati wa usingizi halisi hayakukumbukwa. Kwa sababu hiyo rekodi ya usingizi huandaliwa kwa ajili ya dakika za kabla ya kulala. Msikilizaji akishalala, imemaliza kazi yake.

Muundo wa matini

Kabla ya kurekodi, maneno huandikwa yote. Matini ya kawaida huwa na sehemu nne:

1. Kutulia: msikilizaji huelekezwa kulala vizuri, kufumba macho na kufuatilia pumzi.
2. Kuzama: mwili hulegezwa kuanzia kichwani hadi miguuni, au kinyume chake. Mara nyingi hufuata kuhesabu kurudi nyuma, au picha ya kushuka ngazi polepole.
3. Mapendekezo: hutajwa hali inayotakiwa, kama vile mwili kuwa mzito na mawazo kupita bila kushikwa.
4. Kumalizia: sauti hupungua hadi kimya.

Sehemu ya nne ndiyo inayotofautisha rekodi ya usingizi na rekodi nyingine za hipnosi. Rekodi ya mchana, kwa mfano ya kupunguza hofu, humalizika kwa kumrudisha msikilizaji: huhesabiwa hadi 5, naye huambiwa afungue macho na ajisikie mchangamfu. Sehemu hiyo ikiachwa katika rekodi ya usiku, humwamsha mtu aliyekuwa ameanza kusinzia. Anayenakili matini ya mchana hana budi kuiondoa.

Lugha

Kauli inayoeleza hali hutumika zaidi kuliko amri. "Mabega yanalegea" haimdai msikilizaji kitu, wakati "legeza mabega" humpa kazi ya kufanya. Kitenzi -zidi kinafaa sana, kwa kuwa huonyesha jambo linaloendelea lenyewe: "mikono inazidi kuwa mizito".

Maneno ya kukanusha huepukwa. Anayeambiwa "usifikirie madeni" huyafikiria papo hapo. Badala yake husemwa jambo linalotakiwa: "kazi za leo zimekwisha, za kesho zina siku yake." Ahadi zenye muda, kama "utalala baada ya dakika 5", nazo hazifai, kwa sababu humfanya msikilizaji ahesabu dakika na kujipima.

Picha za akilini huchaguliwa kulingana na maisha ya msikilizaji. Mawimbi ya bahari humtuliza mmoja, lakini si yule aliyewahi kunusurika kuzama. Mvua juu ya bati ni sauti ya usingizi kwa mwenye paa zima. Kwa mwenye nyumba inayovuja ni sauti ya wasiwasi. Hii ni faida kubwa ya kujitengenezea rekodi kuliko kutumia iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wote.

Mfano wa sehemu ya kuzama, ambapo nukta tatu ni kituo cha pumzi moja:

"Pumzi inaingia taratibu … na inatoka taratibu … Kila inapotoka, mabega yanalegea kidogo zaidi … Mikono imepata mahali pa kupumzika … Kitanda kinaubeba mwili wote … Mawazo yakija, yanapita kama mawingu … na pumzi inaendelea yenyewe …"

Kurekodi

Simu ya kawaida yenye programu ya kurekodi inatosha. Mambo yanayoathiri ubora zaidi ni haya:

- Chumba: chumba chenye godoro, mapazia na nguo hupunguza mwangwi. Feni na friji vilivyo karibu huzimwa kwa muda, na simu huwekwa katika hali ya ndegeni ili mlio wa ujumbe usiingie.
- Umbali: simu huwekwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kando kidogo, ili upepo wa herufi p na b usipige kinasa sauti.
- Mwendo: msomaji husoma polepole kuliko anavyozungumza, na hunyamaza sekunde 3 hadi 5 baada ya sentensi. Kadiri rekodi inavyoendelea, vituo huongezwa urefu.
- Sauti: hutumika sauti ya chini na tulivu, bila kunong'ona na bila kupandisha mwisho wa sentensi. Kunywa maji kabla ya kusoma hupunguza milio ya mdomo.

Rekodi nyingi huwa na dakika 15 hadi 30. Makosa huweza kukatwa kwa programu ya kuhariri sauti kama Audacity, ambayo ni ya bure. Muziki au sauti ya mvua ikiongezwa, huwekwa chini sana ya maneno na isiwe na mabadiliko ya ghafla. Katika dakika moja au mbili za mwisho sauti yote hupunguzwa kidogokidogo, kisha huachwa kimya cha dakika kadhaa. Faili la MP3 la kilobiti 64 kwa sekunde lenye dakika 20 huchukua takriban megabaiti 10.

Matumizi

Rekodi husikilizwa kitandani, taa ikiwa imezimwa, kwa sauti ya chini inayotosha tu kusikika. Ni bora ihifadhiwe ndani ya simu kuliko kuchezwa kutoka kwenye intaneti, ambako tangazo au wimbo unaofuata unaweza kumwamsha msikilizaji. Kipaza sauti kidogo kando ya kitanda ni salama kuliko vifaa vya masikioni vyenye waya. Kuisikiliza kila usiku kwa majuma kadhaa humfanya mtu aizoee na kuihusisha na kulala.

Rekodi ikiisha na usingizi haujaja, haifai kuirudia tena na tena. Ushauri wa kawaida kwa wanaokosa usingizi ni kutoka kitandani, kufanya jambo tulivu penye mwanga hafifu, na kurudi pale usingizi unapokuja.

Utafiti

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa wanawake vijana 70 wenye afya, waliolala kidogo mchana baada ya kusikiliza rekodi. Wale wepesi kuathiriwa na hipnosi walipata usingizi mzito wa mawimbi ya polepole kwa asilimia 81 zaidi walipoanza na rekodi ya hipnosi kuliko walipoanza na maneno ya kawaida. Wale wasioathirika kwa urahisi hawakunufaika. Washiriki hawa hawakuwa wagonjwa, hivyo matokeo hayo hayathibitishi kwamba rekodi huponya tatizo la kukosa usingizi.

Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalilinganisha tafiti 24 kuhusu hipnosi na usingizi. Zaidi kidogo ya nusu zilionyesha manufaa, lakini nyingi zilikuwa ndogo na za mbinu tofautitofauti.

Tahadhari

Rekodi ya aina hii haichezwi wakati wa kuendesha gari au pikipiki, kutumia mashine, au chakula kikiwa jikoni. Inayokusudiwa kugawiwa wengine huwekwa onyo hilo mwanzoni.

Mtu anayekosa usingizi angalau siku 3 kwa juma kwa muda wa miezi 3 au zaidi anahesabiwa kuwa na tatizo sugu, na anapaswa kumwona daktari. Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza kwamba tiba ya kwanza kwa watu wazima wenye tatizo hilo iwe ile ya mazungumzo na mazoezi inayobadilisha mawazo na tabia kuhusu kulala.

Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini hawezi kusaidiwa na rekodi, kwa kuwa chanzo ni kuziba kwa njia ya hewa. Kukosa usingizi kunaweza pia kuwa dalili ya sonona au ya ugonjwa mwingine. Mwenye historia ya kusikia sauti zisizokuwepo, au anayesumbuliwa na kumbukumbu za ukatili au ajali, ashauriane na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kuanza.