Dhahabu iko Geita, binti akatobolea Mwanza

Mapema mwaka 2022 binti wa miaka 18 aliyekuwa anatupia mabao Yanga Princess alikwenda Sweden kusaini BK Häcken ya Gothenburg. Mwaka 2024 akahamia Brighton, na kuwa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa Ligi Kuu ya wanawake England. Wengi mtaani walimjua siku hiyo, picha ya jezi ilipoanza kusambaa kwenye simu. Lakini kabla ya Yanga, kabla ya Dar, alikuwa binti wa Alliance Girls, timu ya shule jijini Mwanza.

Jina lake ni Aisha Masaka. Hakupitia timu ya mgodi wowote, na hapo ndipo stori inapoanza kunoga.

Kutoka Mwanza kushuka Shinyanga ni kama kilomita 160. Ukivuka ziwa pale Kigongo na Busisi, unaelekea Geita. Huo ndio ukanda wenye almasi ya Mwadui, inayochimbwa tangu 1940, na dhahabu ya Geita, Bulyanhulu na Kahama. Pesa ya huko imewahi kuingia kwenye mpira, tena pesa ya maana. Mwadui FC ilibeba jina la mgodi wake. Stand United, Chama la Wana, ilianzia kwa watu wa stendi ya mabasi Shinyanga, ikapanda Ligi Kuu 2014 na baadaye ikapata udhamini wa kampuni ya migodi ya Acacia. Geita Gold ilipanda 2021, mgodi wa GGM ukiwa nyuma yake.

Msimu huohuo ambao Masaka aliondoka, George Mpole wa Geita Gold alimaliza mfungaji bora wa Ligi Kuu ya wanaume kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Geita ilimaliza ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mji mzima ulikuwa na cha kujivunia, na walistahili.

Ila angalia nani alikuwa kwenye picha hizo zote. Wanaume.

Si ajabu kwa mtu anayeyajua machimbo. Kwa wachimbaji wadogo wengi kulikuwa na imani kwamba mwanamke akisogelea duara, dhahabu inapotea. Kazi yake ilikuwa juu: kuponda mawe, kuosha mchanga, kupika chakula cha wachimbaji. Akitaka kushuka chini anaambiwa ana mkosi. Uwanjani hakuambiwa ana mkosi, ila alikaa sana upande uleule wa kamba, akishangilia.

Ligi ya wanawake Tanzania yenyewe ni changa. Ilianza 2016, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens ya Pwani. Twiga Stars walikuwa wameshacheza Kombe la Mataifa ya Afrika 2010 kule Afrika Kusini, yaani miaka sita kabla mchezaji wa kike hajapata ligi ya taifa ya kucheza nyumbani. Hata Sophia Mwasikili, nahodha wa kizazi kile, ilibidi akacheze Uturuki.

Baada ya ligi kuanza, mambo yalikwenda haraka. Simba Queens walimaliza wa nne Ligi ya Mabingwa Afrika 2022 nchini Morocco. Mwaka huohuo Serengeti Girls waliipiga Ufaransa 2-1 kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 huko India, wakafika robo fainali. Julietha Singano akaenda Juárez ya Mexico. Mwaka 2023 Clara Luvanga akatua Al Nassr ya Saudia. Twiga Stars nao wakarudi Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2025, miaka 15 baada ya mara ya kwanza.

Kipaji peke yake hakielezi mabadiliko hayo, maana wasichana wenye miguu mizuri walikuwepo siku zote. Kilichoongezeka ni ratiba ya mechi, kocha, na mahali pa kulala. Shule ya Mwanza iliweza kumpa binti darasa na uwanja sehemu moja, mzazi akapumua. Baadaye CAF nayo ikaanza kudai kwamba klabu inayotaka kucheza mashindano yake iwe na timu ya wanawake. Mkubwa akilazimishwa, mdogo hupata nafasi.

Na timu za wanaume za migodini? Acacia ilijitoa Stand United baada ya mgogoro wa ndani ya klabu, na timu ikashuka 2019. Mwadui ikafuata 2021. Geita Gold ikashuka 2024. Pesa ya mgodi ilijua kupandisha timu, kuibakiza juu ikawa kazi nyingine.

Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Binti wa Geita mwenye mpira kwenye begi sasa hasubiri kivuko kufika Mwanza. Safari imekuwa fupi. Bado ni yeye anayeifuata timu, wakati dhahabu iko chini ya miguu yake.